Leza inayopima ulaini wa konea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majaribio yake

Mashine inayozungumziwa hapa hutumia mwanga wa leza kupima jinsi konea, yaani kioo angavu kilicho mbele ya jicho, ilivyo laini au ngumu, bila kuigusa. Watafiti huiita hadubini ya Brillouin. Bado iko zaidi kwenye maabara na hospitali za utafiti kuliko kwenye kliniki za kawaida, kwa hiyo maswali mengi yanahusu majaribio yenyewe: yanafanywaje, yana hatari gani, na namba inayotoka mwishoni iaminiwe kwa kiasi gani. Hilo la mwisho ndilo nililolipa nafasi kubwa, kwa sababu mgonjwa hubaki na namba hiyo mkononi hata baada ya mtafiti kuondoka.

Madaktari tayari wana mashine za kupima umbo na unene wa konea. Kwa nini wahangaike na unyumbufu?

Kwa sababu umbo huharibika baadaye. Konea ina unene wa takriban milimita 0.54 katikati, na karibu asilimia 90 ya unene huo ni tabaka liitwalo stroma, lililojengwa kwa nyuzi za kolajeni zilizolazwa safu juu ya safu, mamia ya safu. Ndani ya jicho mna presha inayosukuma nje muda wote. Nyuzi hizo ndizo zinazoizuia konea isisogee. Zikidhoofika, konea hulegea, ikilegea husukumwa, ikisukumwa sana hupinda na kuwa nyembamba. Hivyo ndivyo wataalamu wengi wanavyouelewa mwendo wa ugonjwa uitwao keratokonasi.

Mashine za kuchora ramani ya konea ni nzuri sana, lakini zinachoona ni kupinda na kupungua kwa unene, yaani matokeo. Anayetaka kukamata tatizo kabla halijaharibu uoni anahitaji kupima chanzo chake, ambacho ni uimara wa konea yenyewe.

Ugonjwa unaotajwa sana ni keratokonasi. Unanihusu vipi mimi?

Keratokonasi ni hali ambayo konea huchongoka mbele na kuchukua umbo la koni. Kwa kawaida huanza wakati wa kubalehe, huendelea katika miaka ya ishirini, kisha hupungua kasi mtu anapokaribia miaka 40. Mgonjwa huona vitu vimepindapinda au vina vivuli, hubadilisha miwani mara kwa mara, na mwisho miwani haisaidii tena. Hatua za mwisho huweza kufika hadi kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki.

Uenezi wake hutofautiana mno kati ya sehemu na sehemu. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria mtu 1 kati ya 375. Mwaka uliofuata, utafiti wa Riyadh, Saudi Arabia, uliowapima watoto na vijana wa miaka 6 hadi 21, ulikuta karibu asilimia 4.8, ambayo ni kama 1 kati ya 20. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na aina ya mashine na watu waliochaguliwa kupimwa, lakini si yote: vinasaba vina nafasi yake, aleji ya macho ina nafasi yake, na kufikicha macho kuna nafasi kubwa.

Hapo ndipo jambo hili linapofika nyumbani. Watoto wenye macho mekundu yanayowasha kila mwaka, wanaoyafikicha kutwa kwa ngumi, ni wagonjwa wa kila siku katika kliniki za macho za Kenya na Tanzania. Familia nyingi huona ni tabia ya utoto itakayopita. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali atibiwe aleji yake sasa, bila kungoja mashine yoyote mpya.

Mwanga unawezaje kujua kwamba kitu ni laini bila kukibonyeza?

Kila kitu chenye joto hutetemeka kwa ndani. Ndani ya konea, hata ukiwa umetulia kabisa, kuna mawimbi madogo sana ya sauti yanayopita huku na huko, yakizaliwa na joto la mwili tu. Hayasikiki kwa sikio lolote. Mwendo wa mawimbi hayo hutegemea jinsi tishu ilivyo ngumu kubanwa: ngumu zaidi, mwendo mkubwa zaidi. Kwenye konea ni takriban mita 1,600 kwa sekunde.

Leza inapoingia, sehemu ndogo mno ya mwanga hugonga mawimbi hayo na kurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo. Mashine haihitaji kuisukuma konea. Inasikiliza mtetemo ambao tayari upo, kama fundi wa ngoma anayejua kwa sauti tu kwamba ngozi imewambwa vizuri au imelegea. Mabadiliko ya rangi yakiwa makubwa, tishu ni ngumu zaidi; yakiwa madogo, ni laini zaidi.

Ila mabadiliko yenyewe ni madogo ajabu. Mwanga wa nanomita 780, unaotumika sana katika mashine hizi, una masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ya karibu gigahezi 384,000. Konea huubadilisha kwa karibu gigahezi 5.7 tu. Na tofauti kati ya konea yenye afya na ile iliyolegea haifiki hata gigahezi moja. Ni makumi machache ya megahezi. Ili kuiona, mashine inapaswa kutofautisha takriban megahezi 10, ambayo ni kama sehemu moja katika milioni 38 ya masafa ya mwanga ule. Ukilijua hili, utaelewa kwa nini kila jambo dogo, joto la chumba, pumzi ya mgonjwa, maji ndani ya konea, hupimwa na kuandikwa wakati wa majaribio.

Nani aliyeibuni?

Hakuna mtu mmoja. Mfaransa Léon Brillouin alieleza mwaka 1922 kwamba mawimbi ya sauti ndani ya kitu yangeweza kubadilisha masafa ya mwanga. Mrusi Leonid Mandelstam alifikia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe. Mwaka 1930 Evgenii Gross alilithibitisha kwenye vimiminika. Kisha kimya kirefu, kwa kuwa bila leza kazi ilikuwa ngumu.

Mwaka 1980 Michael Vaughan na John Randall, wakifanya kazi Uingereza, walichapisha vipimo vya lenzi na konea zilizotolewa kwenye macho. Randall ni yuleyule ambaye mwaka 1940, pamoja na Harry Boot, alitengeneza magnetroni ya rada, kifaa ambacho aina yake leo kimo ndani ya kila maikrowevu ya jikoni. Vipimo vyao vilikuwa sahihi lakini polepole mno kwa jicho la mtu aliye hai.

Kasi ilitoka kwenye teknolojia ya mawasiliano. Masataka Shirasaki wa Fujitsu alikuwa ametengeneza, katika miaka ya 1990, kipande cha kioo kinachotenganisha rangi za mwanga zilizokaribiana sana, kwa ajili ya nyaya za faiba. Giuliano Scarcelli na Seok Hyun Yun, wakiwa Massachusetts General Hospital huko Boston, walikitumia kupata picha za ugumu wa vitu kwa pande zote tatu, na kazi hiyo ilitoka mwaka 2008. Mwaka 2012 walionyesha vipimo ndani ya jicho la mtu aliye hai. Scarcelli baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Maryland, ambako kazi imeendelea.

Leza hiyo haitanichoma jicho?

Hili ndilo swali la kwanza kwa karibu kila mtu, na ni swali la haki. Leza ya upasuaji wa macho hukata kwa sababu nguvu yake hukusanywa katika mapigo mafupi na makali. Hii ya kupimia ni mwanga mdogo usiokatika, wa miliwati chache tu, unaokaa sehemu moja kwa muda mfupi. Unalengwa kwenye konea, kwa hiyo unapofika retina nyuma ya jicho umeshatawanyika. Mgonjwa huona wekundu hafifu, wala hahisi chochote.

Hata hivyo, neno la mtengenezaji halitoshi. Vyombo vya mwanga vya macho vina viwango vyake vya kimataifa, ISO 15004-2 kwa hatari ya mwanga na IEC 60825-1 kwa leza, vinavyoweka ukomo wa mwanga unaoruhusiwa kuingia jichoni kwa muda fulani. Kabla ya mtu wa kwanza kukaa mbele ya mashine, nguvu ya leza hupimwa mahali jicho litakapokuwa, na panapaswa kuwa na kizuizi kinachoifunga leza yenyewe mfumo ukikwama. Una haki ya kuuliza nguvu hiyo ni miliwati ngapi na ni sehemu gani ya kiwango kinachoruhusiwa. Mtafiti aliyejiandaa atakujibu papo hapo.

Kabla ya macho ya watu, mashine hujaribiwa kwa kitu gani?

Huanza na maji. Maji safi yana mwendo wa sauti unaojulikana vizuri, na kwa leza ya nanomita 780 kwenye nyuzi joto 20 mabadiliko yake ni takriban gigahezi 5.05. Mashine ikitoa namba nyingine, kuna kasoro kwenye mashine. Vioo na plastiki maalumu hutumika vilevile, ili kuwe na zaidi ya alama moja ya kulinganishia.

Maji pia hufundisha unyenyekevu kuhusu joto. Karibu na nyuzi 20, maji yakipanda joto kwa nyuzi moja tu, mwendo wa sauti huongezeka kwa karibu mita 3 kwa sekunde, na namba ya mashine husogea kwa takriban megahezi 10. Hiyo ni sawa na tofauti ndogo kabisa ambayo mashine inajitahidi kuiona kwenye konea. Kwa sababu hiyo mashine nzuri hujipima kwenye maji au kioo tena na tena, hata katikati ya kumpima mtu mmoja.

Baada ya hapo hufuata jeli zilizotengenezwa kwa ugumu unaojulikana, kisha macho ya wanyama kutoka machinjioni. Hapa kuna mtego. Mnyama akifa, chembe za nyuma ya konea zinazofanya kazi ya kutoa maji husimama, na konea huvimba. Konea iliyovimba hupimwa kuwa laini, ingawa nyuzi zake hazijabadilika. Watafiti huloweka jicho kwenye mchanganyiko wenye dekstrani, aina ya sukari inayovuta maji, ili kurudisha maji katika kiwango chake. Jaribio ambalo halielezi lilivyodhibiti maji ya konea, mimi huliweka pembeni.

Jaribio lenye maana zaidi katika hatua hii ni la kuigumisha konea makusudi. Jicho hutiwa riboflavini, yaani vitamini B2, kisha humulikwa mwanga wa urujuanimno, na nyuzi za kolajeni hufungamana zaidi. Mashine inapaswa kuonyesha ongezeko, tena kubwa zaidi upande wa mbele ambako mwanga ulifika kwa wingi. Ilionyesha hivyo kwenye macho ya nguruwe. Ilionyesha pia kwamba ngozi laini ya juu ya konea isipoondolewa kabla ya kutia dawa, ugumu unaopatikana ni mdogo zaidi. Hilo lina uzito kwa mgonjwa anayechaguliwa njia ya matibabu.

Kwa nini nguruwe? Mimi ni Mwislamu.

Konea yake hupatikana kwa urahisi kwenye machinjio ya Ulaya na Marekani na ukubwa wa jicho lake unakaribia wa binadamu, ingawa konea ni nene zaidi. Macho ya ng'ombe na sungura pia yametumika katika utafiti wa konea. Hakuna chochote cha mnyama huyo kinachokufikia wewe: macho hayo hupimwa maabara, na mashine haikugusi.

Nimesikia kuna wanasayansi wanaosema mashine hii inapima maji tu, haipimi ugumu. Ni kweli?

Ni hoja nzito na sitaipunguza. Ukiivuta konea kwa pande mbili kama daktari wa mifupa anavyojaribu kano, unapata kipimo kimoja cha ugumu, cha kiwango cha kilopaskali hadi megapaskali. Mashine ya Brillouin inapima kitu kingine: jinsi tishu inavyokataa kubanwa kwa ghafla, mara mabilioni kwa sekunde. Ukipiga hesabu kwa konea unapata karibu gigapaskali 2.7. Vipimo hivyo viwili viko mbali kwa mara maelfu. Konea ina maji asilimia 78 hivi, na maji nayo hukataa kubanwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya gigapaskali hizo ni ya maji.

Mwaka 2018 kundi la watafiti lilichapisha katika jarida la Nature Methods majaribio ya jeli zenye maji mengi. Walibadilisha ugumu bila kubadilisha kiasi cha maji, na namba ya Brillouin karibu haikusogea. Walipobadilisha maji, ilisogea. Scarcelli na Yun walijibu katika jarida hilohilo kwamba ndani ya tishu ya aina moja maji na ugumu huenda pamoja, na kwamba vipimo vyao vya tishu halisi vilionyesha uhusiano kati ya namba ya Brillouin na ugumu wa kuvuta.

Mimi nauona ukweli uko wapi? Wapinzani wamethibitisha kwamba namba hii haipaswi kuitwa "ugumu" bila masharti, na mashine yoyote inayouzwa kwa ahadi hiyo tupu inastahili kuulizwa maswali makali. Lakini daktari hahitaji ugumu kwa ajili ya ugumu. Anahitaji namba inayomtenga mgonjwa na mzima mapema kuliko ramani ya umbo inavyoweza. Kama konea yenye keratokonasi hubadilika maji, nyuzi na unene kwa pamoja, na namba hii inabeba yote matatu, bado inaweza kuwa na faida. Inachotakiwa ni kuthibitishwa kwa wagonjwa, maji yakiwa yamedhibitiwa, na isiishie kwenye jeli peke yake.

Kuna jambo jingine linalozungumzwa kidogo. Nyuzi za konea zina mwelekeo, na namba hubadilika kulingana na pembe ambayo leza inaingilia. Konea imepinda kama kuba. Ukiipima katikati na pembeni bila kugeuza mashine, unapima kwa pembe mbili tofauti, na unaweza kudhani umeona ulaini kumbe umeona pembe.

Si tayari kuna mashine ya kupuliza hewa jichoni?

Ipo, na inasaidia. Ile ya kampuni ya Reichert ilianza kuuzwa mwaka 2005, na ile ya kampuni ya Oculus iitwayo Corvis ST huchukua zaidi ya picha 4,300 kwa sekunde huku hewa ikiibonyeza konea. Shida ni kwamba pumzi hiyo huibonyeza konea nzima kwa pamoja, na inavyobonyea hutegemea pia presha ya jicho na unene wa konea. Keratokonasi huanza kwenye kidoa. Kipimo cha jumla kinaweza kukipita kidoa hicho bila kukiona. Leza hupima nukta kwa nukta, mbele hadi nyuma. Huko Houston, kundi la mtafiti Kirill Larin na wengine wanafuata njia ya tatu, ya kutikisa konea kidogo na kutazama mtikisiko huo kwa mwanga. Nayo inastahili kufuatiliwa.

Nikialikwa kushiriki, siku hiyo nitafanyiwa nini?

Utasomewa fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa. Kwa Waswahili walioko Marekani, Ulaya au Ghuba, omba mkalimani. Usikubali mtoto wako akutafsirie karatasi ya kitabibu. Utapimwa uoni, umbo na unene wa konea kwa mashine za kawaida. Kisha utaweka kidevu na paji la uso kwenye kishikizo, utazame taa ndogo, na leza itapita nukta baada ya nukta. Utapumzishwa katikati.

Kinachochosha ni kutulia. Jicho halitulii hata ukijitahidi: mapigo ya moyo pekee yanalisogeza. Tabaka ambalo leza inajaribu kupima lina unene wa makumi ya maikromita, kwa hiyo mtikisiko mdogo unampeleka mtafiti kwenye tabaka jingine. Mashine za karibuni hulifuata jicho linaposogea na kuandika kila kipimo kilichukuliwa mahali gani hasa. Vipimo vikirudiwa mara kadhaa usidhani kuna kitu kibaya kimeonekana. Kurudia ndiko kunakoonyesha kama mashine inatoa jibu lilelile kwa jicho lilelile.

Kwa nini niliambiwa nivue lenzi za machoni siku nyingi kabla, na kwa nini nilipimwa asubuhi na tena baadaye?

Ni yaleyale ya maji. Usiku macho yakiwa yamefumbwa, konea huvimba kidogo, kisha hurudi kadiri mchana unavyoendelea. Watafiti wameiona namba ya Brillouin ikipanda na kushuka kwa saa za siku. Mgonjwa akipimwa saa moja asubuhi na mzima akapimwa saa tisa alasiri, tofauti inaweza kuwa ya saa tu. Lenzi za kuvaa nazo hubadilisha umbo na maji ya konea kwa muda. Ukikiuka masharti haya na kunyamaza, unaharibu kipimo chako. Sema tu, utapangiwa siku nyingine.

Kwa wagonjwa, matokeo yamekuwaje hadi sasa?

Yanatia moyo. Mwaka 2014 zilichapishwa habari za konea zenye keratokonasi zilizotolewa wakati wa upandikizaji: zilikuwa na namba ya chini kuliko za watu wasio na ugonjwa, hasa ndani ya koni. Mwaka 2015 likaja jambo hilohilo kwa wagonjwa walio hai. Ndani ya koni namba ilishuka. Nje ya koni, kwenye jicho lilelile, ilikaribia ya mtu asiye na ugonjwa. Kwangu hilo ndilo tokeo lenye thamani kuliko yote, kwa kuwa linaunga mkono wazo kwamba udhaifu huanza mahali pamoja. Tafiti zilizofuata zimeuangalia ugonjwa katika hatua za mapema zaidi, na kulinganisha jicho la kulia na la kushoto la mtu mmoja.

Upungufu upo wazi: makundi madogo, vituo vichache, na idadi kubwa ya waliopimwa wako Marekani. Konea za Waafrika hazijapimwa vya kutosha kuweka kiwango cha kawaida kinachotuhusu.

Mashine ikisema konea yangu ni laini, basi nina ugonjwa?

Hapana, na hesabu hii itakuonyesha kwa nini. Tuseme, kwa mfano tu, mashine inawatambua wagonjwa 95 kati ya 100, na inawasingizia ugonjwa watu 5 kati ya 100 wasio nao. Inaonekana nzuri. Sasa pima watu 37,500 mahali ambapo mgonjwa ni 1 kati ya 375. Wagonjwa ni 100, nao 95 watatambuliwa. Wazima ni 37,400, na kati yao 1,870 wataambiwa wana tatizo ambalo hawana. Kwa kila mgonjwa wa kweli, watu karibu 20 watarudi nyumbani na hofu ya bure.

Kwa hiyo kipimo hiki, hata kikikomaa, kitafaa kwanza kwa watu wenye sababu ya kushukiwa: ndugu wa mgonjwa, kijana mwenye astigmatiki (uoni uliofifia kwa sababu konea haijapinda sawasawa) inayoongezeka haraka, anayefikicha macho, anayejiandaa kwa upasuaji wa leza. Na kisomwe pamoja na ramani ya konea, kisisomwe peke yake.

Ninataka kufanyiwa LASIK, upasuaji wa leza wa kurekebisha uoni, niache miwani. Kipimo hiki kingenisaidia?

Huenda hapo ndipo kitakapookoa watu wengi. LASIK huikata na kuipunguza konea. Ikiwa ilikuwa dhaifu kimyakimya, inaweza kuanza kuchongoka miezi au miaka baadaye. Daktari wa macho Theo Seiler alilieleza tatizo hili mwaka 1998. Leo madaktari hukadiria hatari kwa umbo, unene, umri na kiasi cha tishu kitakachoondolewa. Makadirio hayo yamepunguza madhara, ingawa wapo wachache wanaopita vizuri kwenye kila kipimo na bado wakapata tatizo. Kwa sasa, kliniki ikikwambia haikufanyii kwa sababu konea yako inatia shaka, ishukuru. Usiende kutafuta nyingine itakayokubali.

Tayari nina keratokonasi. Nisubiri mashine hii ifike?

Usisubiri. Matibabu ya kuzuia ugonjwa usiendelee yapo: riboflavini na mwanga wa urujuanimno wa nanomita 365. Yalitokea Dresden, Ujerumani, ambako Wollensak, Spoerl na Seiler walichapisha matokeo ya wagonjwa wa kwanza mwaka 2003. Marekani iliyaidhinisha mwaka 2016. Utaratibu wa asili ni dakika 30 za mwanga wa miliwati 3 kwa kila sentimita ya mraba, na konea inatakiwa isiwe chini ya maikromita 400 kwa unene. Sharti hilo la mwisho ndilo linalofanya kuchelewa kuwe ghali: kila mwezi unaopita kwa kijana ambaye ugonjwa wake unakimbia, konea hupungua, na mlango huo unaweza kufungwa. Daktari anahitaji ramani mbili za konea zilizopishana miezi kadhaa kujua kama ugonjwa unaendelea. Hazihitaji leza ya Brillouin.

Inapima lenzi ya ndani pia?

Ndiyo. Kwa watu wa umri mbalimbali imeonekana kwamba sehemu ngumu ya katikati ya lenzi hupanuka kadiri mtu anavyozeeka, jambo linalohusiana na mtu wa miaka 45 kuanza kusogeza gazeti mbali. Matumizi ya kitabibu bado ni ya mbali kuliko ya konea.

Itafika lini Nairobi au Dar es Salaam?

Kwa kliniki ya kawaida, si karibu, na sioni kwamba ndiyo iwe ya kwanza kununuliwa. Wilaya nyingi hazina hata mashine ya kuchora ramani ya konea. Ningependa ije kwa njia ya utafiti wa pamoja, hospitali zetu za rufaa na vyuo vyetu vikiwa washirika kamili, ili konea zetu zihesabiwe wakati kiwango cha kawaida kinapowekwa. Ikiletwa baada ya kiwango kuwekwa kwingine, tutaanza kusomewa majibu kwa kipimo cha watu wengine.

Nimuulize nini mtafiti kabla ya kusaini?

Muulize kamati gani ya maadili imeidhinisha utafiti, na uone namba ya idhini. Muulize mashine hupimwa kwa kitu gani kila asubuhi, na wanafanyaje kuhusu joto na saa ya kupima. Muulize kama utaambiwa majibu yako, na kama wakiona dalili ya ugonjwa watakuelekeza kwa daktari gani, kwa gharama ya nani; hili la gharama liandikwe. Uliza picha za jicho lako zitatunzwa wapi na nani ataziona, na kama mtengenezaji wa mashine ndiye anayelipia utafiti. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu, na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa. Fomu isiyosema hivyo irudishe bila kuisaini.